Mkwe Amepewa Kazi

Siku walipomfanya Duncan kuwa ndugu, Bibi Elva ndiye aliyemkatia mkia wa kangaruu kwa mkono wake mwenyewe, akamchagulia pande lenye mafuta. Narelle, mjukuu wake, alikuwa anasogeza kuni. Aliyaona mafuta yakimtiririka mgeni kidevuni, na akaona jinsi mgeni alivyoyaacha yatiririke, kama mtu aliyefundishwa mahali fulani kwamba kujifuta haraka ni kuonyesha kinyaa.

"Huyu anakula kama mtu," alisema Bibi Noreen, binamu wa Elva, ambaye hakubakiwa na meno mengi lakini ulimi wake ulikuwa mzima. "Yule wa mwaka jana alikula kama mtu anayekunywa dawa."

"Basi tumpe mahali pake," alisema Bibi Elva. "Mtu hakai hapa bila kuwa wa mtu. Hata mbwa wa Tarlinja wana shangazi zao."

Ndivyo ilivyokuwa Tarlinja. Mtu asiye na ukoo huwezi kumsemesha, maana hujui umtanie, umlishe au umkimbie. Mwalimu alipewa ukoo, muuguzi akapewa ukoo, sasa ikawa zamu ya mtu wa kampuni ya madini. Wakakubaliana awe mdogo wake Elva. Tangu Jumanne ile ya mwezi wa Aprili akawa anamwita dada, na yeye anaitwa kaka.

Akawa anakuja kila Jumanne na gari jeupe. Alileta unga, majani ya chai, machungwa, jezi za mpira za vijana, na kofia nyeupe zenye alama ya kampuni. Lakini si vitu hivyo vilivyofanya apendwe. Watu wengine wa kampuni walikuja na karatasi zao wakaondoka kabla maji hayajachemka. Duncan alingoja. Alikaa chini kwenye vumbi jekundu, miguu ameikunja, akanywa chai yenye majivu, akafukuza nzi bila hasira. Na hakuuliza habari za ardhi hata siku moja. Aliuliza habari za watu. Nani kamzaa nani? Nani ameoa wapi? Nani humtania nani? Majibu aliyaandika katika kijitabu cheusi kilichokaa mfuko wa shati.

Bibi Elva alifurahi. "Wajukuu wangu mwenyewe hawaniulizi," alisema. "Wao na simu zao. Kaka huyu anataka kujua."

Jumanne moja ya Mei, mwishoni kabisa mwa mwezi, gari bovu la Clifton lilijitokeza kwenye kona ya duka. Clifton ndiye aliyemwoa Raelene, binti wa Elva. Bibi hakungoja lifike. Alivuta blanketi akajifunika kichwa chote, akageuka akaipa njia mgongo, akakaa kimya kama jiwe. Clifton naye aliinamisha uso juu ya usukani, akapita taratibu. Vumbi lilipotulia, Bibi akajifunua, akaendelea na chai yake.

"Dada, kuna nini?" aliuliza Duncan. "Mmegombana?"

Bibi Noreen alicheka hadi akakohoa. "Wagombane wapi! Huyo ni mkwe wake. Hawajawahi kutazamana, seuze kusemezana. Miaka kumi na mitano!"

"Na ni mtu mwema," alisema Bibi Elva. "Nyama akipata ananiletea. Anaiacha pale kwenye pipa, mimi naenda kuichukua akiondoka. Ndiyo heshima yenyewe. Akiingia mlango huu, mimi natokea ule. Siwezi kukaa alipokaa, siwezi kufungua mdomo akiwa anasikia. Hata nyumba ikiwaka moto na yeye yuko mlangoni, mimi nitatokea dirishani."

"Na kama hakuna dirisha?" aliuliza Duncan.

"Basi nitaungua!"

Wakacheka wote, Noreen akijipigapiga mapaja. Duncan naye alicheka, huku akitoa kijitabu. Narelle alikuwa amesimama nyuma yake na birika. Aliona kwamba safari ile hakuandika maneno. Alichora mstari mmoja, akarudia juu yake tena kwa kalamu nyekundu.

Narelle alimjazia chai. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na tangu mama yake afariki, mama ambaye jina lake, kama la kila marehemu, bado halikuwa likitajwa nyumbani, maneno yake yalikuwa mengi kifuani na machache mdomoni. Watu walimzoea hivyo. Walimtuma chai, walimpa barua awasomee, wakasahau kwamba yupo.

*

Jambo lenyewe lilikuwa pengo lililo kati ya vilima viwili, upande wa macheo. Kampuni ilitaka kupasua pale kufuata mawe ya chuma. Na humo ndani, sehemu fulani, palikuwa na mahali pa wanawake, na mwenye kupasemea alikuwa Bibi Elva peke yake.

Wanaume wa Tarlinja walijua pana kitu, basi. Hawakuuliza. Walipokwenda kuwinda walizunguka njia ndefu. Narelle mwenyewe alipelekwa mara moja tu, akiwa mdogo, akaachwa chini ya mkaratusi mweupe. Kutoka hapo wanawake wakubwa waliendelea wenyewe. Yeye angepita mkaratusi ule siku atakapoitwa. Alichokijua ni kwamba kila mwaka bibi zake walirudi kutoka huko wakiwa kimya, na chini ya kucha zao umebaki unga wa njano, njano nzito kama kiini cha yai. Hakuwahi kuuona udongo wa rangi ile popote pengine.

Sheria iliyokuja na karatasi za kampuni ilisema hivi: mwenye mahali pa kuachwa bila kupasuliwa apaonyeshe kwenye ramani kabla Julai haijaisha. Asiyeonyesha amekubali.

"Usijali, dada," Duncan alimwambia Bibi Elva. "Najua mambo ya kina mama si yangu. Atakuja ofisa mwanamke, na gari la wanawake watupu. Mtamwonyesha yeye, yeye ataweka alama, wanaume hawatajua ni alama ya nini."

"Umesikia?" Bibi alimwambia Noreen. "Huyu tumemfundisha, akafundishika."

Mwezi wa Juni, Clifton akapewa kazi.

Tarlinja nzima ilifurahi. Clifton alikuwa amekaa miaka saba bila kazi, na sasa alitembea na shati jipya la rangi ya machungwa, redio kiunoni, na jina lake limeshonwa kifuani. Aliitwa mwunganishi wa jamii na kampuni. Raelene alipika, watoto wakala soseji hadi wakalala na mafuta mashavuni. Hata Bibi Elva, akiwa upande wa pili wa ukuta, alimtuma Narelle kwa maneno: "Mwambie aliyemwoa mama yako mdogo kwamba nimefurahi."

Narelle akapeleka. Clifton aliinamisha kichwa kupokea salamu ile, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Narelle, kazi hii haitamsumbua mama mkwe? Nilimwuliza Duncan. Akasema mimi ni wa wanaume tu. Wanawake watakuwa na mtu wao."

"Alisema hivyo hivyo kwetu," alijibu Narelle.

"Basi sawa," alisema Clifton, akalivuta shati lake likae vizuri.

*

Asubuhi ya kwenda kuonyesha mahali ilikuwa ya baridi. Bibi Elva na Bibi Noreen waliamka mapema, wakavaa soksi mbilimbili, wakakaa kwenye magodoro ya nje wakingoja. Gari jeupe likaja. Kando ya dereva alikaa ofisa mwanamke, mwenye miwani, anatabasamu. Kwenye usukani alikuwa Clifton.

Bibi Elva alishaanza kuinuka. Akashuka tena, blanketi likapanda kichwani.

"Dereva wetu wa kike ameugua ghafla," alisema yule ofisa. "Na mimi sina kibali cha kuendesha huko. Mwenye kibali leo ni Clifton peke yake. Twendeni tu, mama zangu, ni mwendo wa saa moja."

Clifton alikuwa ameshafungua mlango wa upande wake na kutoka, akasimama mbali karibu na pipa, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa duka. Ungedhani ni mtoto aliyeadhibiwa.

"Tutakwenda kwa miguu," alisema Bibi Noreen.

"Ni kilomita arobaini, mama."

"Basi rudi kesho na dereva mwingine."

Ofisa aliandika kitu. Hakurudi kesho. Alirudi baada ya siku kumi, na kwenye usukani alikuwa Clifton tena, safari hii amejifunika kofia hadi puani kwa aibu. Akaandika tena, akaondoka.

"Dereva gani huyu anaugua siku za Elva tu?" alisema Noreen. Lakini aliposema hakucheka. Bibi Elva alikuwa akiyatazama magurudumu ya gari lile yanavyoacha alama. Jioni, kwenye majani, Narelle aliona kigingi cha kwanza cha kupimia ardhi, chenye utepe wa rangi ya waridi. Kesho yake vilikuwa vinne, vimepangwa kuelekea macheo.

*

Mkutano wa mwisho ulifanyika kwenye ukumbi wa jamii, Jumanne ya mwisho ya Julai. Ijumaa yake karatasi zingetiwa sahihi. Ukumbi ulikuwa na mlango wa mbele, mlango wa nyuma wa jikoni, na madirisha yaliyopigiliwa mabati tangu kimbunga. Ramani ilitandazwa juu ya meza. Kando ya ramani, kwenye kiti ambacho kampuni ilikuwa imekiweka, alikaa Clifton.

Bibi Elva alifika mlangoni, akaona shati la machungwa, akageuka. Alizunguka hadi nyuma, akakaa chini, mgongo kwenye ukuta wa jikoni, mbwa wawili wakamlalia miguuni. Narelle alikuwa jikoni akitayarisha chai. Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo alimsikia bibi yake akihema, kisha akamnong'oneza.

"Mjukuu wangu, wanasema nini?"

"Bado wanasalimiana, bibi."

"Nenda uwe mdomo wangu. Waambie hapana."

Narelle aliweka birika chini. Hakuwahi kusema mbele ya watu zaidi ya watano. "Wataniuliza hapana wapi, bibi. Mimi mwenyewe sijui. Nimefika kwenye mkaratusi tu."

"Najua," alisema Bibi Elva. "Na ningekuambia sasa hivi, uwaambie wanaume wale, tungekuwa tumeokoa mahali tukaua siri yake." Akamsogeza mbwa mmoja miguuni. "Pelekea watu chai kwanza."

Narelle aliingia na sinia. Duncan alikuwa ameinuka kusalimiana na wazee upande wa pili, anawashika mabega, anamwita kila mmoja kwa jina la ukoo wake, bila kukosea hata mmoja. Kijitabu chake cheusi kilikuwa mezani, wazi, feni inapeperusha kurasa. Narelle alikisogeza ili aweke kikombe. Ndipo alipoona.

Ilikuwa Tarlinja nzima. Majina yote, yameungwa kwa mistari, wazazi juu, watoto chini. Hata jina la mama yake lilikuwapo, limeandikwa waziwazi, na kuliona vile kulimchoma kama mwiba. Kati ya Elva na Clifton palikuwa na mstari mwekundu, uliorudiwa mara mbili. Kando yake, kwa mwandiko mzuri wa shule: *Hawezi kukaa naye wala kusema mbele yake. Clifton aajiriwe kabla ya Julai.* Na tarehe ya Mei, ile Jumanne ya blanketi.

Narelle aliliweka sinia chini. Akakichukua kijitabu, akatembea hatua nne, ambazo zilikuwa ndefu kuliko hatua zote alizowahi kutembea, akakiweka mbele ya Clifton na kushika mstari kwa kidole.

Clifton alisoma polepole, midomo ikisogea. Alisoma tena.

"Nilidhani," alianza. Kisha akasema, si kwa Narelle bali kwa meza, "Nilidhani waliona naweza kazi."

Alifungua redio kiunoni, akaiweka juu ya ramani. Akaweka funguo. Akavua shati la machungwa, akabaki na fulana iliyotoboka begani, akalikunja shati vizuri jina likiwa juu. Halafu akavuta kofia machoni asije akamwona wa nyuma ya ukuta, akatoka kwa mlango wa mbele.

"Clifton!" aliita Duncan. "Ndugu yangu, unakwenda wapi?"

Narelle alikwishakimbilia jikoni. "Bibi," alisema, "mlango uko wazi. Ametoka."

Bibi Elva aliingia na blanketi lake mabegani na mbwa mmoja nyuma yake. Hakuitazama ramani. Aliupitisha mkono wake juu yake yote, kutoka kona hadi kona, kama mtu anayefuta makombo.

"Hapana," alisema.

"Karibu, dada," alisema Duncan, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kwenye moto. Alikuwa ameshakiona kijitabu kilipo, akakirudisha mfukoni bila haraka. "Nafurahi umekuja. Nionyeshe tu ni wapi. Karatasi inataka mahali."

"Umekula mkia wangu kama kaka," alisema Bibi Elva. "Kaka hamwulizi dada yake mambo hayo. Hilo nalo nilikufundisha. Huliandiki?"

Mtu mmoja upande wa wazee aliguna. Duncan akavua kofia yake nyeupe, akaiweka mezani juu ya shati la Clifton, akapangusa nywele. Alikuwa na uso mwingine bila kofia. Haukuwa mbaya. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kungoja.

"Basi siulizi kama kaka," alisema. "Nauliza kama kampuni. Ni wapi?"

"Hapana."

Duncan akachukua karatasi, akaandika. "Nimeandika, mama," alisema. Dada ilikuwa imekwisha. "Asante kwa kufika."

Narelle alikuwa amesimama nyuma yake, kama alivyokuwa amesimama na birika siku ile ya Mei. Alisoma juu ya bega lake. Watu wote walikuwa wanaangalia ramani, hakuna aliyekuwa anamwangalia yeye.

"Hajaandika hapana, bibi," alisema.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Vichwa vyote viligeuka.

"Ameandika nini?"

"Ameandika, *Amefika, amesalimiana nasi, hakuonyesha mahali.*"

Mzee mmoja, aliyekuwa amevaa kofia nyeupe ya kampuni, aliivua akaiweka sakafuni. "Andika alivyosema," alisema. Mwingine akasema, "Andika." Bibi Noreen alipiga fimbo yake chini. "Andika kubwa, sisi wengine macho yetu ni mabovu."

Duncan aliandika. Narelle alisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, wazee wakaweka alama za vidole. Ijumaa ikapita; mbele ya hapana iliyoandikwa, karatasi haikutiwa sahihi. Vigingi vya waridi havikuongezeka.

*

Duncan hakuja tena. Clifton alirudi kukaa mbele ya nyumba yake, na alipopata nyama aliiacha kwenye pipa kama zamani.

Jumanne ya tatu ya Agosti gari jeupe likaonekana kwenye kona. Alishuka msichana wa umri kama wa Narelle, peke yake, bila kofia. Alikaa chini kwenye vumbi, akasema anaitwa Tegan, akasema kampuni imesikia, kampuni imejifunza. Alimwangalia Narelle zaidi kuliko alivyowaangalia mabibi.

"Walisema ukumbini kulikuwa na mtu anayesoma vizuri," alisema. "Tunatafuta mwanamke wa kufanya kazi na wanawake. Si lazima ujibu leo. Nimekuletea zawadi tu."

Akatoa kisanduku. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mwamba, kirefu kama kiganja, cha mviringo, laini pande zote kama mche wa sabuni. Kilikuwa kimekatwa na mashine ya kutobolea miamba, inayozama ardhini kama sindano, kikang'arishwa, kikasimamishwa juu ya kibao. Kilikuwa chekundu, kina pete nyeusi. Katikati yake ulipita mstari wa njano. Njano nzito, kama kiini cha yai.

Narelle hakukigusa. Alikiinua Bibi Elva. Alikigeuza, akaupitisha ukucha kwenye ule mstari, akautazama ukucha wake. Bibi Noreen alisogea akatazama pia, kisha akaweka kiganja mdomoni.

"Kibao kinasema nini, mjukuu wangu?"

"Kinasema asante kwa urafiki, bibi."

"Na chini? Pana maandishi madogo."

"Tarehe. Siku waliyokitoa ardhini." Narelle aliinama akasoma. "Aprili. Tarehe tisa."

Bibi Elva alihesabu kimoyomoyo. Narelle naye alihesabu. Ilikuwa wiki ile ile ya mkia wa kangaruu. Kabla hawajaulizwa kitu. Kabla ya kijitabu, kabla ya Clifton, kabla ya ramani. Wakati wao wanachagua ukoo wa kumpa mgeni, sindano ilikuwa tayari iko chini, zaidi ya mkaratusi mweupe, mahali ambapo yeye Narelle hajaitwa bado.

Bibi alikiweka kipande kile katikati ya mapaja yake, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akavuta blanketi akajifunika kichwa chote, akageuka akawapa mgongo. Mkwe hakuwapo. Njia ilikuwa tupu hadi kwenye kona ya duka.

"Samahani," alisema Tegan kwa upole, akimgeukia Narelle. "Mbona anajifunika? Ina maana gani?"

Na mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni, unatoa kijitabu kipya.

Narelle aliitazama kalamu. Akainuka, akalichukua birika, akaimwaga chai yote motoni. Moshi ukapanda kati yao.